Makaroni ya nyama ya kusaga na maharage, nusu kilo ya nyama watu saba wanashiba

Hiki chakula nilianza kukipika zile tarehe za 20 kuelekea mshahara, nyama ni nusu kilo, nyumbani tuko saba, na ukipika mchuzi wa kawaida kila mtu anapata vipande viwili na manung'uniko juu. Ukichanganya na maharage hakuna anayehesabu vipande.

Maharage yanaanza usiku. Robo kilo, chambua mawe, osha, loweka mpaka asubuhi alafu yale maji mwaga. Chemsha kwa maji mapya mpaka yaive kabisa, ukibonyeza kwa vidole yanapondeka yenyewe. Kama ni yale mekundu makubwa hakikisha yanachemka kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, maana yakiwa mabichi yanavuruga tumbo vibaya sana. Na usijidanganye eti yatamalizikia kwenye nyanya, ule uchachu wa nyanya unayafanya yabaki magumu, mimi nishawahi kukaa jikoni mpaka saa nne usiku nasubiri maharage yalainike ndani ya rosti na wapi, watoto wakala mkate wakalala. Supu ya maharage usimwage, weka pembeni.

Bucha mwambie akusagie steki yenye mafuta kidogo, isiwe nyekundu tupu, itakauka.

Sasa sufuria kubwa, iwe nzito kama unayo, mafuta vijiko vitatu, nyama ndani bila kitunguu kwanza. Mwanzo itatoa maji mengi itakuwa kama inachemka na rangi mbaya ya kijivu, wengi hapa ndo wanawahi kuweka nyanya. Acha. Yavunje mabonge kwa mwiko, subiri maji yakauke mpaka usikie sauti inabadilika, ule mlio wa kukaanga, na nyama ianze kushika chini na kuwa kahawia, ladha yote ya hiki chakula iko hapo. Ndo utie vitunguu maji viwili, vikilainika weka kitunguu swaumu na tangawizi vya kutwanga, kijiko cha chai cha binzari nyembamba, pilipili manga. Alafu karoti moja ya kukwaruza na hoho.

Nyanya nne au tano zilizoiva, saga au kwaruza, pamoja na kijiko kikubwa cha nyanya ya kopo. Kaanga mpaka mafuta yajitenge pembeni, chumvi weka sasa hivi, kisha maharage yako yote, kama robo ya hayo yaponde kwa mwiko ukutani mwa sufuria, yanafanya rojo iwe nzito bila kuhitaji kitu kingine.

Makaroni, pakti ya gramu 400. Kuna watu wanayachemsha pembeni na kuyachuja, mimi naona ni kuchafua sufuria ya pili bure. Pima vikombe vitano vya robo lita, ile supu ya maharage ongezea na maji ya moto, mimina, ikichemka tia makaroni makavu, punguza moto, funika. Kila baada ya dakika mbili geuza mpaka chini kabisa, maana wanga unatua chini na unaungua haraka, ukiwa na jiko la mkaa punguza makaa kabisa. Dakika 8 mpaka 10 onja moja. Likiwa bado linakataa kidogo katikati na rojo bado ipo ipo, epua, acha limefunikwa dakika tano, litajimalizia lenyewe. Ukisubiri liive jikoni utapakua uji, shemeji yangu mpaka leo ananiuliza kama kile cha siku ile kinanywewa kwa kikombe.

Juu weka kotimiri na limao kidogo. Pilipili naweka mezani, sio kwenye sufuria, kuna mdogo wa miaka minne. Kachumbari pembeni inatosha.

Kikibaki kikalala asubuhi kinakuwa kimeganda bonge, tia kwenye kikaango na maji vijiko viwili vitatu, funika moto mdogo, kikishalainika funua ukiache kishike ukoko chini, huo ukoko na chai ya rangi nyumbani kwangu unagombaniwa kuliko cha jana chenyewe.