Darubini ya bunduki: kupima kama kliki zinatembea sawasawa na kurudi palepale

Ukizungusha tareti ya darubini (kitufe cha kurekebishia shabaha) kliki 50, yaani hatua 50 ndogo, msalaba wa kulengea unapaswa kusogea kliki 50 kamili, na ukizirudisha unapaswa kutua pale ulipoanzia. Hayo ni mambo mawili tofauti, na darubini inaweza kufaulu moja ikashindwa jingine. Ikiwa inatembea pungufu kwa asilimia 2 kila siku, kwa kiwango kilekile, utaishi nayo vizuri: unaandika kipimo chake na kukiingiza kwenye hesabu. Isiyorudi palepale haina dawa ya hesabu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza bila risasi, ili ubaya wa mpigaji, upepo na mtutu usichanganywe na ubaya wa darubini.

Ndani ya darubini kuna bomba dogo lenye lenzi za kugeuza taswira. Skrubu za tareti, ya juu na ya pembeni, hulisukuma bomba hilo, na springi iliyo upande wa pili hulisukuma lirudi. Springi ikichoka, skrubu ikiwa na plei (ulegevu), au bomba la nje likibanwa kupita kiasi na pete zinazoishikilia darubini, msalaba hausogei pale skrubu inaposema.

Hatua ya 1: Andaa vifaa

Toa magazini, toa bolti, angalia chemba kwa macho na kwa kidole. Ni bora zaidi kutotumia bunduki kabisa: funga darubini kwa pete zake kwenye kipande cha reli kilichofungwa kwenye chuma kizito, kisha bana chuma hicho kwenye jiriwa. Meza iwe ya zege au iliyochimbiwa ardhini. Meza ya mbao hucheza unapoiegemea, na mchezo huo utausoma kama kosa la darubini.

Kaza skrubu za pete kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Pete nyingi hutaka nyutoni mita 1.7 hadi 2, lakini namba ya mtengenezaji wa pete zako ndiyo ya kufuatwa. Kaza kwa kupokezana, upande huu na ule, nafasi za kulia na kushoto zilingane.

Hatua ya 2: Tengeneza ubao, na usikosee umbali

Makosa mengi yanayosingiziwa darubini huzaliwa hapa.

Kwa darubini ya miliradiani (mili, kwa kifupi), ambayo ni kipimo cha pembe, hesabu ni nyepesi: mili 1 kwenye mita 100 ni sentimita 10, na kliki ya 0.1 ni sentimita 1. Chukua ubao wenye urefu wa mita 1.2. Chora mstari wa wima ukiufuata uzi wa timazi, usiamini ukingo wa ubao. Weka mistari ya kulala kila sentimita 10, na kati yake mistari myembamba ya kila sentimita 1. Pima kila mstari kutoka ule wa kwanza, si kutoka kwa jirani yake, la sivyo makosa madogo yatajumlishana.

Umbali upimwe kwa tepu ya chuma, kutoka kwenye tareti hadi usoni pa ubao. Kosa la mita 1 ni kosa la asilimia 1, na huo ndio ukubwa wa kasoro tunayoitafuta. Usitegemee alama za uwanja. Uwanja uliopimwa kwa yadi, kama ilivyo kawaida Marekani, una mita 91.44 pale panapoandikwa 100. Hapo darubini ya mili isiyo na kasoro itaonekana kupungukiwa kwa zaidi ya asilimia 8.

Darubini za dakika za pembe, zenye herufi MOA, zina mtego wake. Dakika 1 kwenye mita 100 ni milimita 29.1. Lakini baadhi ya darubini zimetengenezwa kwa inchi 1 kwenye yadi 100, ambayo ni milimita 27.8 kwenye mita 100. Tofauti ni karibu asilimia 5. Soma maandishi ya tareti na kitabu chake kabla ya kulaumu mtu.

Hatua ya 3: Simamisha msalaba wima

Zungusha tareti ya pembeni iwe katikati ya safari yake. Lenga uzi wa timazi uliouning'iniza mbele ya ubao, kisha geuza darubini ndani ya pete hadi mstari wa wima wa msalaba ulale juu ya uzi. Pima maji iliyowekwa juu ya tareti haitoshi peke yake.

Sasa zungusha tareti ya juu mili 10 na utazame. Kitovu cha msalaba kikiuacha uzi pembeni ilhali mstari wenyewe umesimama wima, msalaba na skrubu havijapangwa pamoja kiwandani. Mkengeuko wa digrii 1 hukusogeza mili 0.17 pembeni kwa kila mili 10 unazopanda. Ukiwa na digrii 2, irudishe dukani.

Hatua ya 4: Soma safari nzima

Fanya kazi asubuhi, kabla joto la ardhi halijaanza kutikisa taswira. Weka ukuzaji wa juu. Rekebisha paralaksi, yaani msalaba kuonekana kuhama jicho linaposogea: sogeza kichwa kidogo kushoto na kulia, msalaba ukitembea juu ya ubao, endelea kurekebisha hadi utulie. Usiruke hapa, maana paralaksi inaiga kwa ukamilifu ugonjwa wa darubini isiyorudi.

Anza na kitovu kwenye mstari wa juu kabisa. Darubini ikiwa imebanwa isisogee, ukizungusha kuelekea juu, msalaba hushuka ubaoni. Ndivyo inavyotakiwa, anayelenga angelazimika kuinua mtutu kuurudisha.

Zungusha mili 1, soma, andika. Endelea hadi 10, kisha rudi chini hatua kwa hatua ukisoma tena. Nyuzi za msalaba zinaweza kufunika milimita 3 hadi 5 za ubao, kwa hiyo soma daima ukingo uleule wa uzi.

Mfano: umezungusha mili 10, msalaba umesogea sentimita 98. Gawa 98 kwa 100, upate 0.98. Ukihitaji mili 7 za kweli, gawa 7 kwa 0.98, zungusha 7.1. Ila hesabu hii inafaa tu ikiwa upungufu umeenea sawa. Kama mili 5 za kwanza zimetoa sentimita 50 kamili na 5 za mwisho zimetoa 48, springi inaelekea kuishiwa nguvu mwishoni mwa safari. Funga reli yenye mteremko ili kazi yako ifanyike karibu na katikati.

Hatua ya 5: Rudisha, tena na tena

Nenda mili 10 na urudi sifuri, mara 20. Andika kila mara ilipotua. Kisha fanya tena ukikaribia sifuri kutoka upande wa pili. Ikitua mahali pawili kulingana na ulikotokea, kuna plei.

Baada ya kurudi, gonga tareti taratibu kwa mpini wa plastiki wa bisibisi. Msalaba ukiruka, bomba la ndani lilikuwa limekwama na springi haikuweza kulisukuma. Kwanza legeza pete, kaza upya kwa kipimo, rudia. Ikiruka tena, ni darubini.

Rudia pia tareti ya pembeni ikiwa imepelekwa mbali kulia, kisha kushoto. Bomba la ndani hutembea ndani ya duara, hivyo karibu na ukingo wa pembeni safari ya juu hufupika. Hiyo si kasoro, bali ujue inaanzia wapi.

Hatua ya 6: Thibitisha kwa risasi

Jiriwa haina mshtuko wa risasi, na springi dhaifu huonekana kwenye mshtuko huo. Uwanjani, chini ya msimamizi na ukiwa na kibali chako, lenga alama ya chini ya ubao mrefu: risasi 10 kwa sifuri, risasi 10 kwa mili 10, kisha risasi 10 tena kwa sifuri. Bunduki iwe na pima maji.

Pima kutoka wastani wa kundi hadi wastani wa kundi, si kutoka tundu zuri hadi tundu zuri. Bunduki inayotawanya risasi 5 ndani ya sentimita 3 huacha shaka ya karibu nusu sentimita kwenye wastani wake. Kwa hiyo kundi la risasi 3 haliwezi kukuambia lolote kuhusu asilimia 1. Mchezo maarufu wa kupiga mraba na kurudi pembe ya kwanza unafaa kufichua kasoro kubwa tu.

Kundi la tatu likitua mbali na la kwanza wakati jiriwa ilionyesha darubini safi, anza kukagua skrubu za reli.