Kuanza Kukimbia Ukiwa Mtu Mzima: Mwongozo kwa Wakazi wa Moshi

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za Tanzania tulikimbia kila asubuhi bila mtu kutufundisha namna ya kukimbia. Tulipanga mistari, kiranja akaanzisha wimbo, na mchakamchaka ukaanza. Mtu anayerudi barabarani akiwa na miaka 55 au 65 huja na kumbukumbu hiyo, na mara nyingi ndiyo humponza, kwa sababu moyo na mapafu huitikia mazoezi ndani ya wiki chache, ilhali kano, maungio na mifupa huhitaji miezi kadhaa kuzoea uzito wa mwili unaotua juu ya mguu mmoja. Pumzi ikishafunguka, mtu hudhani mwili mzima umefunguka.

Mimi nilianza nikiwa na miaka 59. Katika wiki ya sita, asubuhi moja ya baridi ambayo pumzi ilikuwa nyepesi kuliko siku zote, niliacha utaratibu wangu wa kutembea na kukimbia kwa zamu, nikakimbia moja kwa moja kutoka Shanty Town nikishuka hadi mnara wa saa. Siku hiyo sikusikia maumivu yoyote. Kesho yake, nilipoweka mguu sakafuni, kano ya kisigino cha kulia ilikaza kana kwamba imeshonwa kwa uzi mfupi, nikaenda bafuni nikishika ukuta. Sikukimbia tena kwa wiki 11. Ninayoyaandika hapa yanakusudiwa kumwepusha msomaji na wiki kama hizo.

Kabla ya yote, pima presha na sukari, na umweleze daktari unachotaka kufanya, hasa kama umewahi kupata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia, au kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyefariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo akiwa bado kijana. Anayetumia dawa za presha aulize ni za aina gani: baadhi hupunguza mapigo ya moyo, hivyo kuhesabu mapigo hakutampa picha ya kweli ya nguvu anayotumia, na nyingine huongeza mkojo, hivyo anahitaji kuwa mwangalifu zaidi na maji. Mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, asitoke nyumbani bila pipi au glukosi mfukoni.

Wiki nne za kwanza ni za kutembea tu, kwa mwendo wa mtu anayewahi daladala, dakika 30 kwa siku, siku nne au tano kwa wiki. Wengi huziruka wiki hizi kwa kuona kwamba kutembea si mazoezi. Nawasihi wasiziruke, kwani ndizo zinazoandaa nyayo na vifundo vya miguu. Baada ya hapo kimbia dakika 1 na utembee dakika 2, ukirudia mara 8, siku tatu kwa wiki, na usikimbie siku mbili mfululizo, kwa kuwa kano hujijenga siku ya mapumziko. Kila baada ya wiki mbili ongeza nusu dakika ya kukimbia katika kila zamu, na zamu zikirefuka punguza idadi yake ili jumla isizidi nusu saa. Kila wiki ya nne punguza kazi yote kwa theluthi moja, hata kama unajisikia vizuri. Kwa mwendo huo, kukimbia dakika 20 bila kusimama kutakuja baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, na hakuna sababu ya kuona aibu kwa hilo.

Kuhusu kasi, huhitaji saa ya gharama. Ukitoka alfajiri katika mitaa yetu utakutana na watoto wa shule na akina mama waendao sokoni, na hutapita bila kuamkiwa. Mtoto akisema, "Shikamoo babu," nawe ukaweza kujibu, "Marahaba mjukuu wangu, hujambo, nyumbani hawajambo?" bila kukata pumzi katikati, kasi yako ni sahihi. Ukiweza kutoa "marahaba" peke yake, umezidisha, nawe rudi kwenye kutembea. Kipimo hiki hakijanidanganya hata mara moja, na nakiamini kuliko kifaa chochote.

Mji wetu umekaa kwenye mteremko: ukielekea kaskazini unapanda mlima, ukielekea kusini unashuka kwenye tambarare za miwa za kampuni ya sukari ya TPC. Wanaoanza huogopa kupanda, lakini kinachoumiza zaidi magoti na mapaja ni kushuka, kwa sababu misuli inalazimika kuzuia uzito huku ikirefushwa. Kwa miezi ya mwanzo chagua njia zinazokatiza mteremko, au njia za udongo za tambarare katika Msitu wa Rau, ukiwa na mwenzako. Penye mteremko mkali shuka kwa kutembea. Barabarani pita upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja mbele yako, na uvae nguo ya rangi nyeupe au ya kung'aa, kwa kuwa si kila bodaboda ya alfajiri huwa na taa.

Raba za mitumba kutoka soko la Memorial zinafaa kabisa, mradi uzikague. Ziweke juu ya meza na uzitazame kwa nyuma: kama moja imelalia upande, iache, maana itaulazimisha mguu wako ufuate mwendo wa mtu aliyeivaa kabla yako. Kisha bonyeza soli kwa kidole gumba kutoka ndani, penye kisigino. Ikibonyea na kurudi bado ina uhai, ikiwa ngumu kama ubao imekwisha. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, kwani miguu huvimba kidogo ukikimbia.

Maumivu ya misuli yanayoenea miguu yote miwili na kupungua kadiri unavyotembea ni ya kawaida. Maumivu ya mahali pamoja unapoweza kuonyesha kwa ncha ya kidole, yanayoongezeka kila unapokimbia au kukufanya uchechemee, yanataka usimame. Tulilelewa kwa habari za mzee wetu John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki Mexico mwaka 1968 akiwa na goti lililofungwa bandeji, na tunamheshimu sana kwa hilo, ila ujasiri ule ulikuwa wa Olimpiki, si wa mazoezi ya Jumanne asubuhi. Kifua kikibana, au maumivu yakienda kwenye mkono au taya, acha mara moja uende hospitali.

Mara mbili kwa wiki, simama kwenye ngazi ukishika ukuta, inuka kwa vidole na ushuke polepole, mara 12 kwa awamu tatu. Kaa na kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono. Mayai, maharage, dagaa na maziwa visikosekane mezani.

Mwezi mzuri wa kuanza ni Juni, masika yakiwa yameisha na hali ya hewa ikiwa baridi. Anayeanza wakati huo anaweza kuzilenga kilomita 5 za Kilimanjaro Marathon, zinazokimbiwa hapa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Nusu marathoni ya kilomita 21.1, inayopanda kuelekea Mweka, isubiri mwaka mwingine.

Ukikosa wiki moja kwa msiba au safari, rudia wiki uliyoishia. Ukikosa wiki mbili au tatu, rudi nyuma hatua mbili. Baada ya malaria, maliza dozi, homa iishe kabisa, tembea wiki nzima, ndipo urudi kwenye dakika 1 ya kukimbia na 2 za kutembea.