UPDATE bila kuharibu databesi ya watu

Chukulia unatunza databesi ya MySQL ya mfanyabiashara wa samaki pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, teibo inaitwa manunuzi, ndani mna sangara, sato, dagaa mpaka mabondo (vibofu vya hewa vya samaki), bosi anapiga simu anasema bei ya sangara wa Kayenze wa juzi imeingizwa siyo, rekebisha chap. Usikimbilie UPDATE (amri ya kubadilisha data) aisee.

Kwanza SELECT (amri ya kusoma data tu), na WHERE (sharti la kuchagua mistari) ileile utakayoitumia:

SELECT id, bei FROM manunuzi WHERE samaki='sangara' AND mwalo='Kayenze' AND tarehe='2024-05-06';

Soma kilichotoka. Ulitegemea mistari 12 ikaja 4,000? WHERE yako mbovu, na bora umeiona hapa. Halafu kuna wapokeaji wavivu wanaacha mwalo (mahali samaki wanaposhushwa) tupu, hizo ni NULL (hakuna thamani), huzipati kwa = wala kwa <>, zinatafutwa kwa IS NULL.

Ukiridhika, fungua muamala (mabadiliko hayakamiliki mpaka uyathibitishe):

START TRANSACTION;
UPDATE manunuzi SET bei=9500 WHERE samaki='sangara' AND mwalo='Kayenze' AND tarehe='2024-05-06';

MySQL itakuambia Rows matched ngapi. Ikilingana na ile SELECT, piga COMMIT (thibitisha), isipolingana ROLLBACK (rudisha ilivyokuwa) na hakuna aliyejua kitu. Ila usiuache muamala wazi ukaenda kula ugali na sato, maana mistari hiyo imefungwa, na kijana wa mzani akitaka kuigusa anasubiri sekunde 50 (ndo default ya InnoDB, injini ya kawaida ya MySQL ya kuhifadhi teibo) halafu anakula error, lawama zote kwako.

ROLLBACK nayo ina mipaka yake. Teibo za MyISAM (injini nyingine ya MySQL, ya zamani) haziijui kabisa. Na kwenye MySQL, ALTER (kubadili muundo wa teibo), TRUNCATE (kufuta mistari yote) na CREATE TABLE (kutengeneza teibo) zinajifanyia COMMIT zenyewe kimyakimya, kwa hiyo kama unataka kopi ya CREATE TABLE manunuzi_kabla AS SELECT * FROM manunuzi, itengeneze kabla ya START TRANSACTION. PostgreSQL (programu nyingine ya databesi) ni waungwana zaidi hapo, hata ALTER inarudishika.

Washa pia SET SQL_SAFE_UPDATES=1; inakataa UPDATE au DELETE ambayo WHERE yake haigusi kolamu yenye indeksi (orodha ya kutafutia haraka), labda uweke LIMIT (kikomo cha idadi ya mistari). Inakera kidogo, ila mi naiacha imewaka muda wote, ikigoma natumia zile id za kwenye SELECT.

Umeme ukikatika kabla ya COMMIT usihangaike, InnoDB ikiwaka inarudisha data ilivyokuwa, we anza upya tu.