Namna ya kumchezesha Dondozo bila kumbebesha mizigo isiyo yake

Dondozo, Pokémon wa samaki, kwenye OU ya kizazi cha 9 (daraja kuu la mapambano ya mmoja kwa mmoja) ana kazi moja: kumzima mpinzani anayejipandisha nguvu ili apige kwa mwili. Basi. Vijana wa hapa Kibirizi wakiona namba zake, damu (HP) 150 na ulinzi (Defense) 115, wanadhani wamepata ukuta wa kuegemeza kila kitu. Wanamwingiza mbele ya radi, anadondoka kwa pigo moja, halafu wananiletea simu: "Kaka, hebu ona, huyu si ulisema mgumu?" Mgumu, ndiyo, ila upande mmoja. Ulinzi wake maalumu, ule unaopokea radi na moto na vitu vya aina hiyo, ni 65 tu. Na kwa kuwa ni wa maji peke yake, umeme na majani vinamwingia mara mbili.

Mimi napima dagaa. Kazi nzito huisha kabla jua halijawa kali. Dagaa wakishaanikwa kinachobaki ni kugeuza na kufukuza kunguru, na hapo ndipo ninapofungua Pokémon Showdown, uwanja wa mtandaoni wa kupambanisha Pokémon, kwenye simu. Ni bure, inaingia kwenye brauza ya kawaida, na bando haliumii sana. Siku za mbalamwezi ndiyo kabisa, maana mitumbwi ya taa haiendi ziwani. Nasema haya ili ujue kwamba nina muda. Ukitaka pambano liishe haraka urudi kwenye shughuli zako, Dondozo atakukera.

Mchezo wenyewe unamtambulisha kama kambale mkubwa mwenye urefu wa mita 12 na uzito wa kilo 220. Mtu wa mizani akisikia hivyo anacheka: samaki wa mita 12 mwenye kilo hizo ni ngozi na mifupa. Lakini tumwache, hayo ni ya watengenezaji.

Namjenga hivi. Kipaji ni Unaware, hakuna mjadala. Oblivious na Water Veil havina kazi hapa. Kifaa ni Leftovers, kinachomrudishia sehemu moja ya kumi na sita ya damu kila zamu. Kama timu yako haina wa kufagia miiba na mawe yanayotandazwa chini, mvalishe Heavy-Duty Boots, kwa sababu huyu ataingia na kutoka mara nyingi. Hulka ni Impish: inapandisha ulinzi na kushusha Special Attack, nguvu ya mapigo yasiyo ya mwili, ambayo hatuigusi. EV, zile pointi za ziada unazogawa mwenyewe, 252 ziende kwenye HP, 252 kwenye Defense, 4 zilizobaki kwenye Special Defense. Kwenye kiwango cha 100 unapata damu 504 na ulinzi 361. Mapigo ni Rest, Sleep Talk, Liquidation, na la nne ni Curse au Body Press.

Kuhusu hilo la nne. Curse inapandisha nguvu na ulinzi hatua moja moja na kushusha mbio, ambazo hata hivyo hana. Nzuri ukitaka Dondozo mwenyewe amalize pambano mwishoni. Body Press inapiga kwa kutumia namba ya ulinzi badala ya nguvu, kwa hiyo hata bila kujipandisha inaumiza, na Kingambit anaipokea mara nne. Kwa kuwa Kingambit yupo kila kona, mimi naweka Body Press siku nyingi. Mizimu kama Gholdengo na Dragapult haiguswi nayo, ndiyo maana Liquidation haitoki. Wengine wanapenda Wave Crash kwa sababu ina nguvu 120 dhidi ya 85, lakini inamrudishia mpigaji theluthi ya maumivu aliyotoa. Mnyama unayemtegemea aishi muda mrefu usimpe pigo la kujiumiza.

Sasa Unaware, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Kipaji hiki kinafanya Dondozo asizione hatua za kujipandisha za mpinzani. Akipigwa, hesabu inafanywa kana kwamba yule hakucheza Swords Dance wala Dragon Dance. Akipiga yeye, hesabu inafanywa kana kwamba yule hakupandisha ulinzi wake. Curse zake mwenyewe zinabaki kama kawaida.

Tuchukue Dragonite, kwa sababu jirani yangu mmoja wa Ujiji hawezi kucheza bila huyo. Amejaza Attack zote, hulka Adamant inayopandisha nguvu, anapiga Earthquake. Kwa Dondozo niliyemjenga hapo juu, pigo hilo linatoa damu 80 hadi 95. Acheze Dragon Dance mbili, lingepaswa kutoa 160 hadi 189. Kwa Unaware linabaki 80 hadi 95 ileile. Leftovers inarudisha 31 kila zamu. Piga hesabu: anakutoa kama 60 safi kwa zamu, kwenye damu 504. Jirani huyu bado anacheza Dragon Dance mbele yangu, sijui anategemea nini.

Ila kuna vitu Unaware haivigusi, na vijifunze kabla ya kujisifu. Haigusi kifaa: Choice Band inaongeza nguvu kwa nusu na utaisikia yote. Haigusi Booster Energy, kwa hiyo Roaring Moon aliyeamshwa nguvu kwa kifaa hicho anakuja na nguvu yake kamili. Haigusi Supreme Overlord ya Kingambit, inayompa asilimia 10 kwa kila mwenzake aliyeanguka, mpaka asilimia 50. Swords Dance zake ndizo utakazozifuta, marehemu wake huwezi. Haigusi Stored Power, kwa sababu pale hatua za kujipandisha zinahesabiwa ndani ya ukubwa wa pigo lenyewe. Haigusi mbio: aliyecheza Dragon Dance anakuwa mwepesi kweli. Na mwenye Mold Breaker, kama Excadrill au Haxorus, anapiga kana kwamba kipaji chako hakipo.

Halafu kuna pigo la bahati, lile linalozidisha maumivu kwa moja na nusu. Kwa kawaida hutokea mara moja kati ya 24, na likitokea halijali ulinzi uliojiongezea kwa Curse. Flower Trick ya Meowscarada ni la bahati kila mara, tena la majani. Ukimwona Meowscarada, Dondozo kwake ni benchi.

Usingizi ndio unaotenganisha anayemjua Dondozo na anayembeba tu. Rest inajaza damu yote na kufuta sumu, kuungua na kupooza, kisha unalala zamu mbili kamili. Zamu ya tatu unaamka na kupiga hapohapo. Katikati ya zamu hizo mbili unachagua Sleep Talk, nayo inaokota mojawapo ya mapigo yako mengine matatu bila kukuuliza. Moja ya hayo ni Rest, na ikiokotwa inashindwa kwa sababu umeshalala. Kwa hiyo theluthi ya Sleep Talk zako ni hewa. Zoea. Mimi Dondozo wangu nimempa jina Liemba, kama meli yetu iliyozamishwa 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Akilala, mpinzani anafurahi. Subira yake ndiyo inayopimwa.

Lini ulale? Mbio zake ni 35, maana yake karibu kila mara yeye ni wa pili kutenda. Ukibonyeza Rest, kwanza utapigwa, ndipo utalala. Swali la kujiuliza, basi, ni kama damu iliyobaki inavumilia pigo moja zaidi, na ujibu kwa pigo kubwa kabisa alilonalo, hata kama bado hajalionyesha. Kwa Dragonite wa Earthquake peke yake naweza kungoja mpaka damu 200, kwa sababu hata pigo la bahati halifiki 150. Kwa mtu ambaye sijaona mapigo yake yote nalala kwenye 300. Kulala mapema kuna gharama pia: kwenye kizazi hiki Rest ina matumizi 8 tu kwa pambano zima. Kwenye mechi za kuta kwa kuta, zile zinazofika zamu mia, anayeshinda mara nyingi ni yule aliyebakiwa na Rest. Sleep Talk ina 16, na uzuri wake ni kwamba pigo inaloliokota halipunguziwi matumizi yake; Liquidation iliyopigwa usingizini imelipiwa na Sleep Talk.

Jambo lingine ambalo vijana hawalijui: ukilala kisha ukamtoa nje, usingizi hauishi akiwa benchi. Zamu zinazohesabiwa ni zile alizo uwanjani tu. Usimtoe Dondozo ukidhani atarudi ameamka. Lakini ukimtoa akiwa amebakiza zamu moja, akirudi ana hiyo moja tu, na kuna wakati hilo ni la faida: unamwingiza mbele ya mtu dhaifu, unamalizia usingizi, unaamka mbele ya unayemtaka.

Kinachomuudhi zaidi ya umeme ni mbinu za kumvuruga. Taunt inazuia Rest, Sleep Talk na Curse kwa pamoja. Amebaki samaki wa Liquidation. Encore ikikukuta umetoka kucheza Rest, umefungwa humo. Whirlwind ya Ting-Lu inamfukuza na Curse zake zote zinapotea. Ukiona mpinzani ana mmoja wa aina hiyo, muue kwanza huyo kwa mwingine, ndipo umlete Dondozo. Usimlete mapema kwa sababu tu amechoka kukaa.

Raging Bolt anahitaji maneno yake. Akiwa na hulka Modest, inayopandisha Special Attack, na Special Attack yenyewe imejaa, Thunderbolt yake inamtoa Dondozo huyu damu 474 hadi 560 kati ya 504. Thunderclap yake inatangulia, lakini inashindwa kama wewe hupigi. Ukicheza Rest au Sleep Talk zamu hiyo inapotea hewani. Nimeona watu wakibaki uwanjani wakibahatisha kwamba itakuwa Thunderclap. Ikiwa Thunderbolt, umekwisha. Toka tu.

Utoke kwa nani? Clodsire. Ni wa sumu na ardhi, umeme haumgusi kabisa, ulinzi wake maalumu ni 100, na akikanyaga Toxic Spikes, ile miiba ya sumu inayotandazwa chini, anazifyonza. Nampa Water Absorb, maana Unaware tayari ninayo moja. Majani hayamwumi zaidi ya kawaida, ila hayapungui pia, kwa hiyo ongeza Corviknight anayeyapokea kwa robo na anayeweza kufagia chini kwa Defog. Watatu hao wakikaa vizuri, nafasi tatu zilizobaki ziwe za wanaopiga. Timu ya kuta sita inachosha hata mimi mwenye muda.

Tera yake, yaani aina anayoweza kugeuka kuwa mara moja kwa pambano, naweka majani. Umeme, majani na maji vyote vinapungua nusu, na Leech Seed, mbegu inayonyonya damu, haimshiki. Barafu na mapigo ya ndege yanaanza kumuuma, lakini yakija kwa mwili yanakutana na upande wake mgumu. Usiitumie mpaka uwe na hakika kwamba Dondozo ndiye anayemaliza mechi. Mara nyingi timu yako ina mwingine anayeihitaji zaidi.

Kwa wanaocheza wawili wawili, huko ni mnyama mwingine. Tatsugiri mwenye kipaji cha Commander anamwingia mdomoni, Dondozo anapanda hatua mbili kwenye nguvu, ulinzi, vyote maalumu na mbio, na hawezi kubadilishwa mpaka mmoja aanguke. Hapo Order Up ndiyo pigo lake, na inampandisha tena kulingana na Tatsugiri aliyeko mdomoni: aliyejikunja anaongeza nguvu, aliyelegea anaongeza ulinzi, aliyenyooka anaongeza mbio. Kwa mbio mbovu za Dondozo ningemchukua aliyenyooka, na nafasi ya Sleep Talk ningeipa Protect.