Kuhesabu viti 1,200 bila kuvigusa: RFID kwenye biashara ya kukodisha vifaa vya sherehe

Mwaka jana mama mmoja wa Tabata anayekodisha viti, meza na maturubai aliniita stoo kwake. "Mwanangu, viti vyangu anakula nani?" Daftari lilisema viti 1,200. Kila Jumatatu vijana wake wanne walihesabu vilivyorudi kutoka harusini, na kila mmoja alikuja na jibu lake. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa kwamba RFID, yaani lebo ndogo ambazo kisomaji huzisoma kwa mawimbi ya redio bila kuzigusa, itaimaliza kazi hiyo kwa dakika kumi. Siku hizi inaimaliza kweli, ila kufika hapo kulinigharimu wiki tatu na aibu moja ambayo nitaisimulia kwenye hatua ya tatu.

Kabla hujatoa hela: kama una duka na kila bidhaa inapita kaunta mkononi mwa muuzaji, barkodi inatosha, na ni rahisi mno kuliko hii. RFID inalipa pale vitu ni vingi, vinatoka na kurudi, na hakuna mwenye muda wa kukishika kimoja kimoja.

Hatua ya 1: Jua unanunua RFID ipi

Jina ni moja lakini vitu ni vitatu, na havisomani.

Kuna ya masafa ya chini, 125 au 134.2 kHz. Hiyo ndiyo ya hereni za kielektroniki za ng'ombe na kadi nene za milango ya ofisi. Husoma kwa umbali mdogo, ila haisumbuliwi sana na maji wala nyama. Kuna ya 13.56 MHz, iliyo kwenye pasipoti mpya, kwenye kadi unayogusisha getini kivuko cha Kigamboni, na kwenye NFC ya simu yako. Hii lazima uisogeze karibu. Ya tatu ni UHF, 860 hadi 960 MHz, inayosoma mita kadhaa na lebo nyingi kwa mpigo mmoja. Ndiyo Walmart waliyoitaka mwaka 2003 walipowaambia wasambazaji wao 100 wakubwa waanze kuibandika kwenye katoni na paleti ifikapo Januari 2005. Kwa stoo ya viti tunataka UHF na si nyingine.

Nasisitiza kwa sababu kila mwezi kuna kijana ananipigia simu amenunua kile kisomaji kidogo cha bluu cha kuunganisha na Arduino (bodi ndogo ya kujifunzia elektroniki), anataka kihesabu mzigo wa stoo nzima. Kile ni cha 13.56 MHz. Kinafaa kufungulia mlango, basi.

Hata ndani ya UHF kuna mipaka. Ulaya hutumia 865 hadi 868 MHz, Marekani 902 hadi 928. Kisomaji huja kimewekewa mkoa wake, yaani sehemu ya dunia kitakapotumika. Waulize TCRA (au Mamlaka ya Mawasiliano kama uko Kenya) masafa na vibali vinavyohitajika kabla ya kuagiza, siyo baada. Muuzaji akikuambia "weka mkoa wowote, itasoma tu", tafuta muuzaji mwingine.

Hatua ya 2: Elewa lebo inavyojibu

Lebo hizi hazina betri. Ni chipu ndogo kama punje ya mchanga, imeunganishwa na antena ya karatasi ya alumini. Kisomaji kinarusha mawimbi, antena inayanasa, na umeme kidogo uliomo ndani yake unaiamsha chipu. Chipu haina nguvu ya kurusha mawimbi yake yenyewe, kwa hiyo inayarudisha yaleyale huku ikibadilisha kiasi kinachoakisiwa: mengi, machache, mengi, machache. Umewahi kuona mtoto akichezea kioo juani, anammulika mwenzake ukutani huku akikifunika na kukifunua? Ni mchezo uleule, ila hapa kufunika na kufunua ndiyo namba yenyewe.

Shika hilo, kwa sababu hatua inayofuata yote imetoka humo.

Hatua ya 3: Chuma

Nilianza na viti 300 vya chuma vyenye mto. Nikaagiza lebo za karatasi za bei rahisi, nikakaa Jumamosi nzima na vijana wawili tunazibandika kwenye fremu, chini ya kiti, mahali ambapo mteja haoni. Kazi safi. Jioni mama akatoka na wageni wake kuja kuona maajabu. Nikabonyeza kisomaji. Viti 300, lebo 11.

Nikaongeza nguvu hadi mwisho: 14. Nikabadilisha kisomaji, nikasasisha programu yake, nikampigia muuzaji, nikamlaumu muuzaji. Usiku wa pili yake nikaona lebo moja imebanduka nusu, inaning'inia kama ulimi. Hiyo ilisomeka kutoka mita nne. Niliyoibandika vizuri jirani yake haikusomeka hata nikiigusa.

Chuma kinayarudisha mawimbi yakiwa yamegeuzwa, kwa hiyo pale juu ya uso wake yanayokuja na yanayorudi yanafutana. Lebo iliyolala juu ya chuma haipati umeme wa kuamkia. Tena antena yake imepimwa kwa ajili ya kukaa hewani au kwenye kadibodi. Ukiigusisha na chuma, inahama masafa, kama redio iliyotoka kwenye stesheni.

Haya ndiyo niliyojifunza, kwa mpangilio wa maumivu.

Kwanza tafuta mahali pasipo chuma kwenye kitu hichohicho. Kiti cha chuma chenye mto kina ubao wa plywood chini ya kitambaa. Katikati ya ubao, mbali na fremu, lebo ya karatasi ya kawaida inasomeka. Hapo ndipo viti vile 300 vilipoishia, na zile lebo za bei rahisi zilizobaki zikapata kazi.

Kama hakuna pengine ila chuma, nunua lebo zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma. Ni nene, zina tabaka linaloitenga antena, na nyingi zinakitumia chuma chenyewe kama sehemu ya antena. Bei yake ni mara nyingi ya ile ya karatasi. Tahadhari: kinyume chake pia ni kweli. Nilizobandika kwenye viti vya plastiki kwa kudhani "nzuri kwa chuma ni nzuri kwa vyote" zilisomeka vibaya kuliko za karatasi. Kila kitu na lebo yake.

Kuna watu watakushauri uweke kipande cha sponji kati ya lebo na chuma. Inasaidia, nimejaribu. Kisha vijana wanaburuta viti kwenye Fuso, na wiki mbili baadaye sponji haipo. Sitaki kusikia habari ya sponji.

Gundi: futa vumbi na mafuta kwa spiriti, bandika, bonyeza, acha siku nzima kabla kiti hakijaguswa. Sisi tulibandika asubuhi na mzigo ukaondoka mchana. Lebo 40 zilibaki ukumbini. Kwa miguu ya meza natumia tagi ngumu zenye matundu ya ribiti na nimeacha kubishana na gundi.

Na hili ndilo lililonipotezea muda zaidi baada ya chuma chenyewe: jaribu vitu vikiwa vimepangwa kama vinavyopangwa kazini. Kiti kimoja katikati ya uwanja kinasomeka vizuri hata ukikosea. Panga viti kumi kimoja juu ya kingine, na lebo ya kiti cha tano sasa imebanwa kati ya fremu mbili, pia lebo zikikaribiana mno zinaharibiana masafa. Mimi hujaribu na mafungu matatu ya viti kumi, nayazunguka polepole na kisomaji nikigeuza mkono, na sikubali chini ya 30 kati ya 30 mara tano mfululizo. Ikishindikana, hamisha lebo, usiongeze nguvu.

Maji nayo yanameza mawimbi ya UHF, na mwili wa binadamu ni maji matupu. Ukijaribu lebo huku umeishika kwa kiganja, unajidanganya.

Hatua ya 4: Vitambaa vya meza

Hapa kuna lebo za kushonea zilizotengenezwa kwa ajili ya kufuliwa na kupigwa pasi, nyingi hupimwa kwa mifuo 200 hivi. Shonea kwenye pindo. Imekwisha.

Hatua ya 5: Andika namba

Namba ya lebo, yaani EPC, kwa kawaida ni biti 96, ambazo kwenye skrini utaziona kama herufi na tarakimu 24. Lebo za bei rahisi zinaweza kuja zote na namba ileile. Ukizitumia hivyo, viti 300 vitahesabika kuwa kimoja. Andika zako.

Andika lebo moja moja, nyingine zikiwa mbali na nguvu ya kisomaji ikiwa chini, la sivyo unaandika kwenye lebo ya jirani bila kujua. Usijaze maelezo ndani ya lebo. Wapo wanaotaka kuandika rangi ya kiti, tarehe ya kununuliwa na jina la mama mwenye mali. Lebo ibebe namba tu, maelezo yakae kwenye jedwali. Kisha funga kwa nywila, na usiiache ile ya kiwandani ya sifuri tupu.

Hatua ya 6: Punguza nguvu

Kila anayeanza anaogopa kutosoma. Kwenye kazi, tatizo huwa ni kusoma kupita kiasi. Mzigo wa kwanza ulikuwa wa viti 400, na kisomaji kikasema 431. Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya ukuta wa stoo, na ukuta wa matofali haukizuii kisomaji kama chuma kinavyokizuia.

Nguvu hupimwa kwa dBm: 30 ni wati 1, 27 ni nusu wati, 24 ni robo. Ukishuka kwa 6, umbali wa kusoma mahali pa wazi unapungua kwa nusu hivi. Kwa kupakia natumia 24, naelekeza antena mbali na stoo. Na usitegemee kusoma gari likishafungwa. Bodi ya chuma haipitishi. Soma mlangoni mwa gari wakati vijana wanapakia.

Ukihesabu vingi, weka kisomaji kwenye seshini ya S1 (seshini ni mpangilio wa namna lebo zinavyoitika) ili lebo iliyokwisha kusomwa inyamaze kidogo na kuzipisha nyingine. Ukitafuta kiti kimoja kilichopotea, rudi S0 ili iendelee kuitika kila unapoita.

Kuhusu vifaa: chukua kisomaji cha mkononi chenye Android. Mageti ya kusomea yenye antena nne yanapendeza kwenye video, lakini stoo ya Tabata ina milango miwili, umeme wa kubahatisha, na Fuso linaloegeshwa kila siku mahali tofauti.

Hatua ya 7: Programu

Excel inatosha. Namba, kitu, kilitoka lini, kilirudi lini. Kama kisomaji chako hakiwezi kutoa faili la CSV, lile linalofunguka kwenye Excel, kirudishe.

Hatua ya 8: Harusi moja kwanza

Nilimsihi mama tujaribu sherehe moja ndogo, vijana wakihesabu kwa mdomo na mimi kwa kisomaji. Viti 400 vilitoka. Jumatatu kisomaji kikasema 388, vijana wakasema 400, na mmoja akaapa. Tukarudi ukumbini na kisomaji kikiwa kwenye S0. Viti kumi vilikuwa nyuma ya jukwaa, vimefunikwa na kapeti. Viwili tulivikuta getini, mlinzi amekalia kimoja na kuwekea redio yake kwenye kingine. "Shikamoo baba," mama akamwamkia, "hicho ni changu." Mlinzi akauliza umejuaje, maana vinafanana vyote.