Kabla hujaanza kurudufisha imeji za diski kati ya seva mbili

Imeji ni nakala kamili ya diski ya mashine, kwa hiyo seva ya pili iwe na nafasi ya kutosha, na ziada juu yake. Saa za seva zote mbili ziwe sawa, la sivyo ukisoma logi hutajua kipi kilitangulia. Kama umepandisha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja ya mtandao, kuwa 9000, pandisha pande zote, na swichi pia. La sivyo ping ya kawaida, ambayo pakiti zake ni ndogo, itapita vizuri huku imeji ikikwama, nawe utashinda ukilaumu diski.

Piga hesabu ya laini kabla hujamwahidi bosi chochote. Megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 2.5 tu, terabaiti 4 kwa mwendo huo ni siku 18 na zaidi. Kopi ya kwanza ifanyike seva zikiwa chumba kimoja kwa kebo ya gigabiti. Usiku mmoja inaisha.

Sasa hili la snapshoti, yaani picha ya data ilivyokuwa wakati fulani, soma taratibu. ZFS, mfumo wa kuhifadhi data kwenye diski, hutuma mabadiliko peke yake kwa kuanzia snapshoti ambayo pande zote mbili zinayo. Sisi seva moja ilikuwa mjini Dodoma, nyingine Mtumba. Ijumaa moja ya Januari diski ya mjini ilijaa, nikafuta snapshoti zote za zamani, nikaenda nyumbani. Jumatatu nakuta kazi imegoma tangu usiku ule ule: ile ya pamoja nimeifuta kwa mkono wangu. Data ipo kote kuwili, ila hazina tena pa kuanzia. Tukaizima ya Mtumba, tukaiviringisha blanketi, tukaileta mjini kwa pikapu ili kopi ianze upya kwa kebo. Na kwa kuwa haikuwa na nafasi ya kopi mbili, ilibidi ya zamani ifutwe kwanza. Usiku kucha tulibaki na kopi moja tu, mvua inanyesha, umeme unacheza. Sikupata usingizi.

Kwa hiyo ifunge snapshoti ya pamoja kwa zfs hold, pande zote mbili, haitafutika mpaka uiachilie. Pia weka bukumaki yake, yaani alama ya pale ilipochukuliwa bila data yenyewe, kwenye seva inayotuma. Hiyo haili nafasi, na inatosha kuendelezea hata snapshoti ya upande huo ikipotea, mradi ya upande wa pili ipo.

Seva inayopokea iwe ya kusoma tu, mtu asiandike humo. Washa mashine kutoka kwenye kopi angalau mara moja kwa mwezi. Betri za UPS zikaguliwe kabla ya Desemba, mvua hazijaanza. Na kufuta chochote Ijumaa jioni, acha.