Slaimu ya wanga wa muhogo, bila boraksi

Mimi ni dobi hapa Chang'ombe, Dodoma, na kanzu haisimami bila wanga. Ndiyo maana watoto wa mtaani wakishaona slaimu, ule ute wa kuchezea unaovutika, kwenye simu za mama zao, mlango wanaogonga ni wangu. Nawatengenezea kwa muhogo, na nawasihi wazazi wenzangu mfanye hivyohivyo, kwa sababu maelekezo mengi ya mtandaoni yanataka boraksi, unga mweupe wa madini. Boraksi ina kemikali ya boroni, na Umoja wa Ulaya hauruhusu boroni itoke zaidi ya miligramu 300 kwa kila kilo ya kitu cha kuchezea kinachonata. Mama anayepima kwa kijiko jikoni kwake atajuaje amefika wapi? Tena usiende kuibahatisha kwenye duka la malighafi za sabuni. Kostiki, ile magadi kali ya kutengenezea sabuni, nayo ni nyeupe, na inaunguza ngozi.

Nunua kilo 2 za muhogo mbichi, mtamu, ule tunaoutafuna hivihivi. Mchungu uache, una sumu zaidi na vidole vya mtoto haviko mbali na mdomo. Menya, osha, kwaruza kwenye greta upande wa matundu madogo. Tia maji, kamua kwa kanga kuukuu iliyo safi, rudia mpaka maji yanayotoka yapungue weupe. Yaache yatulie kwenye beseni kwa muda wa saa tatu au nne. Chini litaganda tabaka jeupe ambalo hata ukiinamisha beseni halitembei. Mwaga maji ya juu, weka mengine, koroga, yatulie tena, mwaga. Huo ndio wanga. Uanike kwenye sinia. Kiangazi cha Dodoma kinaukausha upesi, ila upepo unaleta vumbi, kwa hiyo funika kwa kitambaa chepesi. Ukikauka, uvunje kwa vidole na uchekeche.

Slaimu ya haraka haipikwi. Vikombe viwili vya wanga, kikombe kimoja cha maji, ila maji yaende kidogokidogo. Ukiipiga ngumi inakuwa ngumu. Ukiilaza kiganjani inatiririka. Punje za wanga zinaelea ndani ya maji: ukizigandamiza ghafla zinakabana, ukienda taratibu maji yanapata nafasi ya kupita katikati yao. Ikigoma kutiririka ongeza maji, ikiwa kama maziwa ongeza wanga.

Lakini watoto wanayoitaka hasa ni ya kuvutika, na hiyo inahitaji moto na mtu mzima. Chukua nusu kikombe cha wanga, koroga kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe, tia chumvi nusu kijiko cha chai, bandika kwenye moto mdogo wa mkaa. Usiache mwiko. Mwanzoni utadhani hakuna kinachotokea. Joto likifika kama nyuzi 60 hadi 70 punje zinanyonya maji na kuvimba: mwiko unaanza kuwa mzito, madonge yanajitokeza chini, halafu weupe unapotea, unapata uji unaopitisha mwanga. Nyanyua mwiko. Uji ukifuata kwa uzi mrefu kama mlenda, epua.

Subiri upoe mpaka mkono uvumilie. Tia kijiko cha mafuta ya alizeti, kisha wanga mkavu kijiko kimojakimoja huku unakanda, mpaka uache kung'ang'ania vidole. Hapa usiwe na haraka. Wanga ukizidi, slaimu inakatika badala ya kuvutika. Hapo lowesha mikono, ukande tena.

Rangi nayo itoke jikoni. Manjano inatosha pinchi moja, ila inabaki kwenye vidole. Mimi napenda zabibu nyeusi zetu: zichemshe na maji kidogo, chuja, acha zipoe. Maji yake yatie wakati wa kukanda, siyo kwenye sufuria, maana uchachu ukichemka pamoja na wanga unaufanya uji uwe mwepesi.

Hewa yetu ni kavu, kwa hiyo slaimu ikiachwa mezani inaota gamba. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko. Ya kupikwa usiivushe siku mbili. Ikinuka uchachu, tupa jalalani. Usiimwage kwenye sinki, itaziba bomba. Ile mbichi iliyochanganywa na maji matupu, kama mikono ilikuwa safi, iache itulie, mwaga maji, anika wanga wako upya.

Na sare za shule, tafadhali. Slaimu ikishika kwenye nguo usikimbilie maji ya moto, maana yanaupika wanga humohumo kwenye uzi. Acha ikauke kabisa, ikwangue kwa kucha, piga brashi, kisha loweka kwenye maji baridi na sabuni kabla ya kufikicha.